Ungo Ulioelekezwa India

Mtu akitaka kunisikia nikijisifu, aniulize habari za redio. Kwa hili ninalolisimulia leo sina sifa yoyote. Ningeweza kuendelea kulinyamazia, kama nilivyolinyamazia miaka yote hii, lakini nimechoka kulibeba.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa fundi redio mjini Iringa. Kibanda sikuwa nacho. Nilikuwa na meza barazani pa duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, jiko la mkaa la kupashia chuma cha kulehemu, na kopo la samli lililojaa transista mbovu. Redio zilikuja kutoka Kilolo, kutoka Mafinga, nyingine zimefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa, na nilizitengeneza. Maringo nilikuwa nayo, sikatai. Mteja akianza kunieleza redio yake ina ugonjwa gani, nilimrudishia mikononi nikamwambia basi aitengeneze mwenyewe. Hasira zangu zilikuwa karibu, na mtaa mzima ulizijua.

Yule mzee alikuwa na televisheni. Wakati huo huku bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Aliletewa na mkwewe kutoka Nairobi, ikawekwa kwenye chumba cha nyuma ya duka, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Haikuwahi kuonyesha kitu zaidi ya chenga. Wageni walioneshwa jinsi inavyowaka, wakasifu, ikazimwa, wakaletewa chai.

Kwetu ni Uyole, kule Mbeya. Baba alifariki mapema, mama akabaki na sisi wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi masomo yalinikatikia shule ya msingi. Mdogo wangu alifaulu, akaendelea kufaulu, mpaka serikali ikampeleka India kusomea umeme na mitambo. Siku ya kumsindikiza nilimwambia asome kwa bidii, na nilimaanisha, ila moyoni kulikuwa na kitu kinaniunguza. Huyu ndiye aliyenishikia tochi siku nilipofungua redio yangu ya kwanza. Sasa alikuwa anakwenda kuwa injinia, na mimi nikabaki barazani kwa watu.

Alikuwa anachechemea. Akiwa na miaka tisa alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, na tangu hapo akitembea anautupa nje kidogo. Mama alimtambua kwa huo mguu hata akiwa bado ng'ambo ya barabara kuu, katikati ya malori ya Zambia.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu, na mama yangu pia. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa mbali. Huo ni ukatili. Anaambiwa mgonjwa anamuulizia, aje mara moja. Njiani kila anayemuuliza anamjibu hajambo, anakula, jana alitoka nje akaota jua. Habari yenyewe anaipata akiwa ameshafika na wanawake wawili wamemshika mikono. Baba alipofariki, mama alikuwa Tukuyu anamuuguza dada yake. Walimtumia ujumbe kwamba baba anaendelea vizuri, ametembea mwenyewe hadi kisimani. Alipofika akakuta kaburi lina siku mbili. Tangu hapo, ukimwambia mama mtu fulani ni mgonjwa sana, anatulia. Ukimwambia hajambo kabisa, anatembea, ndipo anaanza kutetemeka.

Barua za mdogo wangu zilipitia sanduku la posta la Iringa, nami kila mwezi nilipanda basi kwenda Uyole kumsomea mama. Yeye alikuwa kwenye darasa la watu wazima, bado wako kwenye ba-be-bi. Barua moja ilieleza kwamba amelazwa wiki tatu kwa homa ya matumbo. Mstari huo niliuruka. Mama aliipenda ile barua, akaipeleka kwa mwalimu wao amsomee tena, na mwalimu akasoma yote. Mwezi uliofuata hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akakaa, akasema, "Kumbe na wewe unajua kuruka."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilifichuliwa kabla ya kilio.

Baada ya hapo barua zikakatika. Miezi mitano, hata kadi. Nilimwambia mama ni posta tu, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli, lakini nani angeniamini? Majirani wakaanza kupunguza sauti akipita. Wanawake wakamletea unga bila sababu. Barua ilipofika hatimaye, pamoja na picha, nilikimbia nayo Uyole kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama aliishika ile picha kwa pembe mbili. Ilimwonesha mdogo wangu kuanzia kifuani, amevaa tai.

"Picha ya karatasi hata marehemu anayo," alisema. "Na barua unaisoma wewe."

"Mama, nakuapia yuko hai."

"Nimekusikia. Siku nitakayomwona anatembea, nitalala."

Nilikuwa nimezoea kumwona mama amekonda kwa kazi. Safari hii alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi, na dawa ya hilo sikuwa nayo.

Ndipo ikaja barua ya setilaiti. Mdogo wangu aliandika kurasa sita. Alisema Wamarekani wamerusha angani chombo, kiko juu sana, kinazunguka sawasawa na dunia inavyozunguka, kwa hiyo ukikitazama ni kama kimesimama mahali pamoja. Kwa mwaka mmoja wamewaazimisha Wahindi. Picha zinapandishwa kwenye chombo, nacho kinazirudisha chini moja kwa moja mpaka vijijini, watu wanazipokea kwa televisheni yenye ungo wa waya wa kuku. Akaongeza kwamba wanafunzi wa kigeni chuoni kwao wamepigwa filamu wakitembelea mashamba ya umwagiliaji. Aliniandikia siku ambayo filamu itarushwa, kwetu itakuwa saa kumi alasiri. Alichora ungo vizuri na vipimo vyake, na ndani ya bahasha alikuwa amefunga transista mbili kwenye karatasi ya sigara. "Kaka, chombo kinatazama huku, hakitazami kwenu," aliandika, "lakini kuna chembe zinazomwagika pembeni. Nina imani wewe utazidaka. Mama anione."

Nilimsomea yule mzee. Akaniambia kumbe ni kweli, binamu zake kule Gujarati wamemwandikia habari hiyohiyo, televisheni imewekwa uwanjani na kijiji kizima kinakaa chini kutazama. Macho yakamwiva. Alizaliwa Iringa, kijiji cha baba yake hajawahi kukiona. "Fundi, ukiiweza hii," alisema, "chumba ni chako."

Nikaenda Uyole. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Atatembea?"

"Wamempiga picha akizunguka mashambani. Atatembea."

"Basi nakuja."

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Katika ukurasa wa nne mdogo wangu alikuwa ameandika hivi, na kila neno nalikumbuka: "Kaka, usielekeze ungo India. Picha zinatoka India, lakini chombo chenyewe kimesimama juu ya Ikweta, karibu juu ya vichwa vyenu. Elekeza juu, utosini, ukiinamisha kidogo tu kaskazini. Nimepiga hesabu mara tatu. Tafadhali kaka, hapa usifuate mazoea ya redio."

Mazoea ya redio! Nililisoma neno hilo nikahisi shingo inapata moto. Miaka kumi na miwili nimeinama juu ya mkaa, macho yameungua kwa moshi wa risasi ya kulehemia, leo mtoto niliyemfundisha kushika tochi ananiambia mazoea. Fundi gani asiyejua kwamba antena inaelekezwa kituo kilipo? Nimefunga antena za watu waliotaka kusikia London, nimefunga za waliotaka kusikia Cairo, zote zikasikika. Picha inatoka India, halafu niutazamishe ungo mawinguni kama sufuria linalosubiri mvua. Niliona amesoma mpaka amepitiliza. Methali zetu zinamkemea mdogo asiyesikia la mkuu. Ya mkuu asiyesikia la mdogo sijapata kuisikia, na siku ile nilistahili kutungiwa.

Nilipomsomea mzee kurasa zile, mstari huo niliuruka. Mnaona? Tabia ikishaingia. Baadaye, kwa hasira tu, ukurasa wa nne niliutia kwenye jiko langu la mkaa.

Ungo niliutengeneza wiki mbili. Mianzi Iringa haina shida, niliikata mahali wanakogema ulanzi, ile pombe ya mianzi, nikaipasua, nikaipinda juu ya moto mpaka ikakubali. Waya wa kuku alitoa mzee, uliokuwa umezungushiwa bustani ya mkewe. Zile transista mbili nilizifunga kwenye kikopo, kati ya ungo na televisheni. Nilipousimamisha uani ulikuwa mpana kuliko mlango wa duka, na watu walikuja kuutazama wakiniamkia kwa heshima mpya. Mzee aliniuliza, "Tuutazamishe wapi?" Nikanyoosha mkono kaskazini mashariki, juu ya mwamba wa Gangilonga. "India iko kule," nilisema. Akakubali, maana India kweli iko kule.

Siku tatu nilijaribu, sikupata kitu. Nikasema moyoni, siku yenyewe watatumia nguvu zaidi. Huo ulikuwa ujinga, nami nilijua ni ujinga. Lakini kuinua ule ungo utazame juu ilikuwa ni kusema mdogo wangu amenishinda, na nilikuwa sijafika hapo.

Mama alifika siku moja kabla, basi lilitoka Uyole alfajiri likapita Igawa na Makambako, akashuka na mkungu wa ndizi kwa ajili ya wenye nyumba. Alikuwa amesuka nywele, nywele mpya kabisa. Kitenge chake kilikuwa hakijafuliwa hata mara moja. Chakula aligusa kidogo. Alilala chumbani kwangu, mimi nikalala barazani kwenye meza, na kila nilipoamka nilimsikia anajigeuza.

Siku ya pili saa tisa na nusu alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni, mikono juu ya magoti. Mke wa mzee alimletea chai ya tangawizi, ikapoa. Mimi nilikuwa uani na ungo, dirisha limefunguliwa, mzee anaita kutoka ndani kila kinachoonekana.

"Chenga, fundi."

Nikausogeza.

"Chenga tu."

Nikausogeza tena, kushoto, kulia, chini mpaka ukagusa majani. Saa kumi ikagonga. Saa kumi na dakika kumi. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Mikono yangu ilikuwa kwenye mwanzi, na mwanzi ule ulikuwa mwepesi, ningeulaza nyuma kwa vidole viwili. Hakuna ambaye angejua. Ule ukurasa nilishauchoma. Ningejua mimi tu. Nasema haya bila kuficha: nilisimama pale na jibu mkononi, mama yangu ndani anamngoja mwanawe, na sikuulaza. Niliona afadhali mtambo ushindwe kuliko mdogo wangu ashinde.

Saa kumi na nusu niliingia ndani. Mzee na mkewe walikuwa wameondoka kimya kimya kwenda dukani, nadhani waliona aibu kwa niaba yangu. Mama alikuwa palepale. Kioo kilikuwa kinachemka chenga nyeupe na nyeusi, na katikati kulikuwa na kivuli kinapanda na kushuka, kama kila televisheni isiyopata kitu.

"Bado?" aliuliza.

Sijui ni shetani gani alinikalia ulimini. Nilichuchumaa karibu na kioo, nikaweka kidole juu ya kile kivuli.

"Huyo hapo, mama. Huyo wa katikati. Unamwona?"

Akainama mbele. "Wapi?"

"Hapa. Anatembea shambani na wenzake. Tazama, amenenepa. Anatembea vizuri, amenyooka kabisa."

Nimerudia maneno hayo kichwani maelfu ya mara. Amenyooka kabisa. Mguu wa mdogo wangu, mguu ambao mama aliukanda kwa maji ya moto mwaka mzima, mimi niliusahau. Nilikuwa na haraka ya kuokoa jina langu, nikamwondolea mwenzangu kilema chake.

Mama alikiacha kioo akanitazama mimi, usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kile kioo. Kisha akaegemea kiti.

"Amenyooka," alisema.

"Kabisa, mama."

"Ahsante, mwanangu. Nimeona. Zima."

Usiku ule alikula, na mimi mpumbavu nilifurahi. Asubuhi nilimpandisha basi, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akasema, "Pole, baba. Umebeba mzigo mkubwa peke yako." Nilidhani anazungumzia ungo.

Alasiri hiyo nilikwenda uani kuuvunja. Niliupiga teke, nikaupiga la pili, ukang'oka kwenye nguzo ukaanguka chali kwenye majani, mdomo wazi kutazama mbingu. Nilikuwa nageuka kutafuta panga niliposikia mzee anaita kutoka ndani. Alikuwa ameiwasha televisheni ili kuona kama imeungua.

"Fundi, usiguse. Usiguse kitu chochote. Njoo."

Hakukuwa na sauti, na picha ilikuwa hafifu, inapotea na kurudi. Lakini ilikuwa picha. Mwanamke amebeba mitungi miwili kichwani. Ng'ombe mweupe mwenye nundu. Kisha mtu mzima anaandika ubaoni, maandishi ambayo mke wa mzee aliyasoma kwa sauti huku machozi yanamtiririka. Mzee alinikumbatia, akaniita bingwa. Mimi nilikitazama kile kiti alichokalia mama jana, nikatoka nje.

Kesho yake dereva wa basi la Mbeya alisimama dukani. "Umeitwa nyumbani," alisema. "Mama yako hajambo, ila uje." Mimi pia ni mtoto wa kule, najua maana ya hajambo.

Safari nzima nilimlilia mama. Niliposhuka Uyole nikaona moshi wa majiko makubwa uani kwetu, wanaume wamekaa kwenye magogo, wanawake ndani wanalia. Nikaanza kulia kwa sauti. Watu wawili wakanishika mikono wakaniingiza, na wa kwanza niliyemwona alikuwa mama, ameketi kwenye mkeka, amenyolewa nywele zote, amejifunga kaniki. Yuko hai. Nilishindwa kuelewa.

"Nani amefariki?" niliuliza.

Mjomba, kaka yake mama, aliniinamia. "Usijifiche tena, mpwa wangu. Mama yako ametueleza. Ulijitahidi kumtunza. Mdogo wako tumeshaanza kumlilia."

Nilisema hapana. Nilisema mdogo wangu ni mzima, nina barua yake. Nikaitoa mfukoni nikaipunga mbele za watu. Walinitazama kwa huruma, wale wazee, wakitikisa vichwa taratibu, maana ndivyo anavyosema kila aliyepewa kazi ya kuficha msiba. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kulia.

"Ulisema ametembea amenyooka," mama alisema kutoka mkekani. Hakuwa na hasira. "Baba yako naye walisema ametembea mwenyewe mpaka kisimani. Mimi nikajua."

Kulikuwa na njia moja tu ya kusimamisha ule msiba. Ilinibidi nisimame mbele ya ukoo na majirani niseme: hapakuwa na picha, nilimdanganya, na picha haikuwepo kwa sababu mdogo wangu alinielekeza nami nikakataa kwa wivu, na ungo ulipotazama pale alipoelekeza ulionesha. Nilifungua mdomo. Watu wote wale, wengine nimewatengenezea redio. Nikasema mtambo ulikuwa mbovu.

"Mtambo mbovu," alisema mjomba polepole, "lakini ulimwona akitembea."

Nilikaa chini na wafiwa. Nilikula ugali wa msiba wa ndugu yangu aliye hai, siku tatu, na watu wakanipa pole, nikapokea.

Tulimpelekea simu ya maandishi. Alijibu yuko salama, jibu likasomwa, mama akasema karatasi ni karatasi. Akawa hali wala halali, anaishi kwa uji. Mwishowe mjomba akamwandikia mdogo wangu kwamba akitaka kumkuta mama yake aje mwenyewe kwa miguu yake. Alikuwa amebakiza miezi minane amalize. Aliomba ruhusa chuoni, wakamwambia aende, ila nafasi hawataiweka. Akaja.

Nilikuwapo aliposhuka kwenye basi pale Uyole. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara. Alimwona kati ya malori mawili, ule mguu ukitupwa nje, na hapo hapo akaketi chini, kwenye vumbi la kando ya lami, akakaa akiutazama mpaka ukafika mbele yake. Aliukamata kwa mikono miwili. Ilibidi madereva wapunguze mwendo.

Hakurudi India. Alipata kazi ya kutunza pampu na jenereta kwenye shamba la utafiti, kazi ambayo ningeweza kuifanya hata mimi. Hakulalamika. Mama alinenepa, nywele zikaota, akamaliza darasa lake akawa anasoma mwenyewe kila karatasi inayoingia nyumbani.

Mimi na mdogo wangu tulikaa karibu mwaka bila kulizungumza. Kisha siku moja ya kiangazi tulikuwa tunabadilisha bati la nyumba ya mama, tumekaa juu ya paa tunapumzika.

"Kaka," alisema, "ule ungo uliuelekeza wapi?"

Aliuliza kwa upole tu, kama fundi anavyomuuliza fundi. Mama alikuwa mbali, sokoni. Hapakuwa na ukoo, hapakuwa na majirani. Tulikuwa wawili tu juu ya bati.

"Juu," nilimwambia. "Utosini, na kaskazini kidogo. Kama ulivyoandika."

Alichukua kipande cha mkaa tulichokuwa tunachorea mbao, akaanza kuandika namba juu ya bati, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akakitupa kile kipande cha mkaa uani.

"Basi nilikosea mahali," alisema. "Sipaoni, lakini nilikosea. Ni mimi niliyemliza mama." Akanigeukia, macho mekundu. "Na wewe nikakuaibisha mbele ya watu. Nisamehe, kaka."

Nikamwekea mkono begani, nikamwambia si neno, mdogo wangu, nimeshakusamehe.